“Alitaka Kufa”: Shahidi Mdogo na Kitenzi cha Kutaka katika Kisa cha Kitosch

1. Utangulizi

Katika kila kesi ya mauaji wapo mashahidi wakubwa na mashahidi wadogo. Mashahidi wakubwa ni madaktari, wapelelezi na jamaa za marehemu. Hao huhojiwa kwa saa nyingi na maneno yao hupimwa moja moja. Shahidi mdogo huitwa aseme sentensi mbili tatu, kisha hurudi alikotoka na kusahauliwa. Lakini kesi ikisha kugeuka hadithi, yaani ikisha kusimuliwa upya na waandishi wa vitabu, mara nyingi sentensi hizo mbili tatu ndizo zinazobeba mzigo wa hadithi nzima.

Mfano mashuhuri ni wa London. Alfajiri ya tarehe 31 Agosti 1888, mwili wa Mary Ann Nichols ulikutwa katika njia ya Buck's Row, mtaani Whitechapel. Konstebo Jonas Mizen, aliyekuwa zamu jirani na hapo, alieleza mbele ya mchunguzi wa vifo kwamba mpita njia mmoja, aliyejitambulisha kwa jina la Cross, alimwambia kuwa anatakiwa na polisi mwenzake kule Buck's Row. Cross alikana kwamba alimtaja polisi yeyote. Mizen hakuwa mpelelezi, wala hakugundua lolote; alikuwa askari wa zamu tu. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja sasa, wasimulizi wa mauaji yale wamejenga na kubomoa dhana zao juu ya neno hilo moja: je, alisema “unatakiwa na polisi”, au hakusema?

Sisi wa Afrika Mashariki tunacho kisa chetu cha namna hiyo, nacho, kama ilivyosadifu, kimefungamana na kitenzi hicho hicho cha kutaka. Ni kisa cha Kitosch, mfanyakazi wa shamba aliyekufa Molo mwaka 1923 baada ya kupigwa na bwana wake. Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza sentensi moja iliyosemwa mahakamani na shahidi mdogo kuliko wote, mtoto wa jikoni, na kuonyesha kwamba sentensi hiyo, iliyopokewa na mahakama kama tamko la nia, ina maana nyingine iliyo ya kawaida kabisa katika sarufi ya Kiswahili. Kwa maoni yetu, tofauti ya maana hizo mbili ndiyo tofauti kati ya mtu aliyeuawa na mtu aliyejifia kwa hiari yake.

2. Kisa na masimulizi yake

Kisa hiki kinajulikana zaidi kwa sababu kilisimuliwa na Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmark aliyeishi Kenya tangu 1914 hadi 1931, katika kitabu chake Out of Africa kilichotoka mwaka 1937. Masimulizi yake ni mafupi, nayo yametokana na taarifa za kesi zilizoandikwa magazetini. Kwa muhtasari, mambo yalikuwa hivi.

Jumatano moja ya mwezi wa Juni, mlowezi wa Molo alimwazima rafiki yake farasi jike wa rangi ya kahawia ampande hadi stesheni. Kitosch alitumwa kumrudisha farasi huyo, akaagizwa amwongoze kwa kamba na asimpande. Akampanda. Habari zikamfikia bwana siku ya Jumamosi, na Jumapili alasiri Kitosch akapigwa viboko, kisha akafungwa kwa kamba ndani ya ghala. Usiku ule ule akafa. Mahakama Kuu ilikaa Nakuru, katika jumba la Taasisi ya Reli, kuanzia tarehe 1 Agosti. Mshtakiwa mkuu, Jasper Abraham, alihukumiwa na juri, yaani jopo la raia wanaoapishwa kutoa uamuzi, na wote walikuwa Wazungu. Waliweza kumwona ana hatia ya kuua kwa kukusudia, au ya kuua bila kukusudia, au ya kudhuru vibaya. Walichagua hatia ya tatu, na kifungo kikawa miaka miwili.

Juri ilifikaje hapo? Daktari wa wilaya, ambaye ndiye aliyeipasua maiti, alieleza kwamba kifo kilitokana na majeraha aliyoyakuta mwilini. Lakini upande wa utetezi ulileta madaktari wawili kutoka Nairobi. Hao walishikilia kwamba kipigo peke yake kisingetosha kuua. Kwamba sharti lizingatiwe jambo jingine, nalo ni nia ya marehemu mwenyewe ya kufa. Mmoja wao alijinasibu kuwa ameishi nchini miaka ishirini na mitano na kwamba anazijua fikira za Waafrika. Na ushahidi wa nia hiyo ulikuwa nini? Ulikuwa ni kwamba Kitosch mwenyewe alisema alitaka kufa.

Jina la marehemu nalo lastahili neno moja. Msomaji wa Bungoma akiliona jina “Kitosch” haoni jina la mtu, bali anaona jina la kabila. “Kitosh” ndilo jina ambalo watawala wa kikoloni waliwaandikia Wabukusu, nao walilipata kwa majirani wa Wabukusu, si kwa Wabukusu wenyewe. Myanga, ambako mwandishi wa makala haya alizaliwa, imo katika nchi iliyoandikwa hivyo katika karatasi za serikali kabla jina la Bukusu halijarudishwa. Kisa hiki basi, japo kilitokea Molo, hatuwezi kukisoma kama watu wa mbali.

3. Mashahidi wawili wa usiku

Kuhusu saa za mwisho za Kitosch, masimulizi ya Blixen yanawataja mashahidi wawili wasio na majina. Wa kwanza ni mlinzi wa usiku. Kiswahili cha Kenya humwita huyu “askari”, neno lile lile tunalomwitia polisi na mwanajeshi. Kwa hiyo Mizen wa London na mlinzi wa Molo wana cheo kimoja katika lugha yetu. Askari huyu alisema kwamba Kitosch alilia usiku kucha. Wa pili ni mtoto wa jikoni, ambaye Blixen anamwita “Toto” kwa herufi kubwa, kana kwamba hilo ni jina lake. Bwana alimwingiza mtoto huyo ghalani pamoja na mpishi, Mganda, kisha akaenda kulala.

Blixen anaupunguza uzito wa ushahidi wa askari. Anasema haikuwa hivyo, kwa maana saa saba za usiku Kitosch alizungumza na mtoto. Lakini hoja hiyo haisimami. Mtu aweza kulia usiku kucha na katikati ya kilio chake akasema maneno. Tena kitenzi “kulia” katika Kiswahili hakina mipaka ya machozi: mtoto hulia, fisi hulia, kengele hulia, na mgonjwa anayeugua kwa maumivu hulia pia. Askari aliyekuwa nje hakuona kitu. Alisikia sauti, akaitaja kwa neno linalofaa sauti. Ushahidi wake na wa mtoto haupingani. Mmoja alisikia kutoka nje ya ukuta, mwingine alisikia kutoka ndani.

Mtoto naye alisema nini? Alieleza kwamba Kitosch alimwashiria azungumze kwa sauti kubwa, kwa sababu kipigo kilikuwa kimemziba masikio. Saa saba za usiku alimwomba amlegeze miguu, akimfahamisha kwamba hata hivyo hawezi kukimbia. Mtoto alipokwisha kufanya hivyo, Kitosch alimwambia kwamba anataka kufa. Saa kumi alisema tena kwamba anataka kufa. Muda kidogo baadaye aliyumba huku na huku, akapiga ukelele kwamba amekufa, akakata roho.

Hayo ndiyo maneno yote. Yalitoka katika kinywa cha mtu aliyekuwa hasikii, yakaingia katika masikio ya mtoto mwenye hofu, yakasemwa tena mahakamani, yakageuzwa Kiingereza, yakaandikwa gazetini, na baada ya miaka kumi na minne yakatiwa kitabuni. Katika safari yote hiyo, mahali palipo na hatari kubwa kuliko pote ni pale yalipogeuzwa Kiingereza.

4. Kitenzi “-taka” na hali ya ukaribu

Tuanze na mambo yanayojulikana na kila msemaji. Tuchukue sentensi hizi:

(1) Mvua inataka kunyesha.
(2) Ukuta ule unataka kuanguka.
(3) Kibatari kinataka kuzimika.
(4) Gari linataka kuondoka.

Hakuna msemaji wa Kiswahili anayedhani kwamba ukuta una nia au kwamba kibatari kina tamaa. Katika sentensi hizi “-taka” haielezi matakwa ya kiima. Inaeleza kwamba tendo la kitenzi kinachofuata li karibu kutokea. Maana hii tutaiita hali ya ukaribu.

Mtu aweza kusema kwamba hiyo ni tashihisi tu, yaani vitu visivyo na uhai vimesemwa kama watu. Lakini hali ya ukaribu hutumika hata kwa viima vyenye uhai:

(5) Ng'ombe anataka kuzaa.
(6) Mtoto anataka kuanguka, mshike!
(7) Mgonjwa anataka kufa.

Katika (6) mama anayepaza sauti hana maana kwamba mtoto wake anatamani kuanguka. Na katika (7) jamaa wanaoitwa kwa haraka hawaji kujadili matamanio ya mgonjwa, wanakuja kumuaga. Kanuni inayojitokeza ni hii: kitenzi kinachofuata kikiwa cha tendo lililo katika hiari ya kiima, kama vile kula, kwenda au kununua, “-taka” huelekea maana ya nia, kikiwa cha jambo linalompata kiima bila hiari yake, kama vile kuanguka, kuzimika, kuzaa au kufa, “-taka” huelekea maana ya ukaribu. Kanuni hii si kuta za chuma, lakini msemaji huitegemea kila siku bila kufikiri.

Ushahidi zaidi umo katika mwili wa sarufi yenyewe. Kiambishi cha wakati ujao, “-ta-”, kinatokana na kitenzi hiki hiki. Umbo lake kamili hujitokeza tena tunapotia kirejeshi: twasema “atakuja” lakini “atakayekuja”, twasema “nitakufa” lakini “nitakapokufa”. Hivyo lugha yetu ilikwisha kuyageuza matakwa kuwa wakati hapo zamani, na matumizi ya “-taka” kwa maana ya ukaribu ni hatua iliyo katikati ya safari hiyo. Yafaa pia kuangalia jinsi “nataka kufa” na “nitakufa” zilivyo karibu kwa sauti, hasa zinaposemwa na mtu aliyeishiwa nguvu.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Bernd Heine, mtaalamu wa Kijerumani wa lugha za Kiafrika, amelionyesha katika lahaja ya Kimaa ya Wachamus wanaoishi karibu na Ziwa Baringo, ambayo kitenzi chake cha kutaka kimegeuka kuwa alama ya ukaribu. Na yeye pamoja na Tania Kuteva, katika kamusi yao ya mikondo ya sarufi iliyotolewa mwaka 2002, wameikusanya mifano ya lugha nyingi za ulimwengu. Hata Kiingereza hakikosi. Kitenzi kisaidizi cha wakati ujao katika lugha hiyo kilikuwa zamani kitenzi cha kutaka, nacho ni ndugu wa nomino ile ile ambayo madaktari wa Nairobi waliitumia kuitaja nia ya kufa. Wenye lugha hiyo walikuwa nayo njia ya kuielewa sentensi ya mtoto, kama wangeitafuta nyumbani kwao.

5. Ushahidi wa sentensi ya tatu

Hapa msomaji mwangalifu atauliza: tunajuaje kwamba chini ya Kiingereza kile palikuwa na sentensi ya namna hii? Jibu liko katika mambo mawili.

La kwanza ni mahali penyewe. Ghala lile lilikutanisha kijana mwenye jina la Kitosh, mtoto wa jikoni, mpishi wa Kiganda na bwana Mzungu. Katika mashamba ya walowezi, watu wa asili mbalimbali namna hii walikutana katika Kiswahili, na hasa kile Kiswahili cha bara kilichopunguzwa viambishi ambacho kiliitwa Kisetla. Neno “Toto” lenyewe, ambalo Blixen hakuona haja ya kulitafsiri, ni alama ya lugha hiyo. Na hata kama maneno ya usiku ule yalisemwa kwa lugha nyingine ya nchi hizi, tumekwisha kuona kwamba mkondo wa kutaka kuwa ukaribu hauko katika Kiswahili tu.

La pili, nalo lina uzito zaidi kwa mwanaisimu, ni ile sentensi ya mwisho. Mtoto alisema kwamba Kitosch alipiga ukelele kuwa amekufa. Kwa Kiingereza ni sentensi ya ajabu, kwa maana maiti haisemi, na Mwingereza anayekufa hawezi kuutaja ufu wake kama jambo lililokwisha. Kwa Kiswahili haina ajabu yoyote. Kiambishi “-me-” huonyesha kwamba tendo limefikia hali yake: “nimechoka”, “nimesimama”, “nimekwisha”. Mtu aliyevamiwa na wezi hupiga ukelele, “Nimekufa, jamani!” Mkulima ambaye mvua ya mawe imemharibia shamba husema, “Mwaka huu nimekufa.” Ni kauli ya aliyefikwa na mambo yasiyo na tiba.

Sentensi hii yatufunulia namna mkalimani alivyofanya kazi. Aligeuza neno kwa neno, bila kuuliza ni nini Mwingereza angesema mahali pale. Ikiwa alifanya hivyo kwa “nimekufa”, ni haki kudhani kwamba alifanya hivyo kwa “nataka kufa” iliyotangulia: akaona “-taka”, akaandika kutaka, akaona “kufa”, akaandika kufa. Ugeni wa sentensi ya tatu ulionekana wazi, lakini haukumdhuru mtu. Ugeni wa sentensi mbili za kwanza haukuonekana, kwa sababu maneno yake kwa Kiingereza yalileta maana nyingine iliyo kamili, nayo ilikuwa maana iliyofaa utetezi.

Tukizisoma sentensi zote tatu kwa sarufi ya Kiswahili, zinapangika kwa utaratibu: saa saba, nataka kufa, saa kumi, nataka kufa, muda kidogo baadaye, nimekufa. Ni taarifa za mtu anayeeleza jinsi kifo kinavyomkaribia, na taarifa ya mwisho inathibitisha zilizotangulia. Hata kule kuomba alegezwe miguu kunaingia humo. Kwanza alisema hawezi kukimbia. Kisha akaeleza kwa nini: yu karibu kufa. Kwa maana ya nia, sentensi ya pili haina uhusiano na ya kwanza. Kwa maana ya ukaribu, ni sababu yake.

6. Pingamizi moja

Yawezekana mtu akapinga akisema: je, mtu aliyepigwa hadi akazibwa masikio, akafungwa mikono kwenye nguzo, hawezi kutamani kufa kweli? Hatukatai, binadamu aliye katika mateso aweza kuomba kifo. Lakini Kiswahili kina maumbo yake ya ombi hilo, nayo ni wazi: “heri nife”, “bora nife”, “laiti ningekufa”, “natamani kufa”. Dhamira tegemezi na maneno ya kuteua kama “heri” na “bora” yamewekwa kwa kazi hiyo hasa. Anayetaka kuonyesha kwamba Kitosch alikichagua kifo hana budi kueleza kwa nini sentensi iliyohifadhiwa haikuwa moja ya hizo.

Zaidi ya hayo, tukikubali kwa muda kwamba sentensi ina utata, bado mahakama ilikuwa na wajibu wa kuuona utata huo. Maana mbili zikiwezekana, haifai ile inayompunguzia mshtakiwa hatia ichukuliwe kuwa ndiyo fikira za kabila zima kwa kiapo cha mtu aliyedai kuwajua wenyeji kwa kuwa ameishi kwao miaka ishirini na mitano. Kuishi na watu si sawa na kuijua sarufi yao.

Mwandishi wa makala haya alikisoma kitabu cha Blixen kwa mara ya kwanza ng'ambo, alipokuwa akisomea shahada ya uzamili. Darasani palizuka mjadala mrefu juu ya Waafrika na kifo, nami, niliyekuwa Mwafrika pekee chumbani, nikaulizwa kama ni kweli kwamba kwetu mtu aweza kufa kwa kunuia tu. Sikuwa na jibu. Jibu nililipata nyumbani Myanga wakati wa likizo, kwa mzee jirani ambaye tangu utotoni nimezoea kumwita kuka, yaani babu. Katika ujana wake, kabla ya uhuru, alikamua ng'ombe katika shamba la mlowezi upande wa Kitale. Siku hiyo alikuwa akinihadithia juu ya mtamba aliyekula majani mabaya. “Nilimgongea bwana mlango usiku,” akasema, “nikamwambia, bwana, ng'ombe nataka kufa. Akatoka na taa mbio, hata viatu hakuvaa.”

Nikamuuliza, “Kuka, yeye alielewaje?”

Akanitazama kama mtu anayepima kama elimu imenipoteza. “Ataelewaje namna nyingine, mwanangu? Ng'ombe alikuwa anataka kufa.”

Mlowezi huyo hakuuliza ng'ombe ana nia gani. Kiswahili cha mashambani alikijua vya kutosha kuokoa mali yake. Katika maisha ya kila siku, basi, maana ya ukaribu ilikuwa wazi kwa mabwana na watumishi pia. Ilipotea pale tu mtu alipokuwa ndiye kiima, na maisha ya bwana yalipokuwa hatarini.

7. Msimulizi na shahidi wake

Blixen hakuwa rafiki wa hukumu ile. Anaieleza kwa kejeli iliyofichika, na anaona aibu kwamba juri iliitafuta nia ya marehemu badala ya kuyatazama matendo ya aliye hai. Lakini mwishoni anaikubali tafsiri ya mahakama, kisha anaipamba. Kitosch wake ni mtu mwenye nia thabiti ya kufa, naye anamfananisha na viumbe wa porini wanaojua mahali pa kukimbilia wakati wa shida na ambao hakuna awezaye kuwashika. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika insha yake juu ya Blixen iliyomo katika Moving the Centre (1993), amemlaumu mwandishi huyu kwa tabia yake ya kuwaona Waafrika kwa macho yale yale anayowatazamia wanyama. Kwa upande wetu twaongeza kwamba katika kisa hiki uzuri ule wote umejengwa juu ya kosa la tafsiri. Ukiiondoa nia, mfano wa wanyama hauna pa kusimama. Anabaki kijana aliyefungwa ghalani akimwambia mtoto, kwa maneno ya kawaida, kwamba anakufa.

Jambo hili linasikitisha zaidi kwa kuwa Blixen mwenyewe alikaa miaka kumi na saba nchini akizungumza na watumishi wake kwa Kiswahili. Vyombo vya kulitambua kosa alikuwa navyo. Lakini aliisoma kesi kwa Kiingereza, akaisimulia kama alivyoisoma. Ndivyo shahidi mdogo anavyopotea mara mbili: kwanza mahakamani, sentensi yake inapochukuliwa na yeye mwenyewe kuachwa, kisha kitabuni, sentensi inapopata umaarufu na yeye kubaki “Toto”.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maneno yaliyoletwa mbele ya juri ya Nakuru mwaka 1923 kama ungamo la nia yanasomeka kwa ulaini zaidi kama taarifa ya hali. Kwamba ushahidi wa usomaji huo umo katika matumizi ya kila siku ya “-taka”, katika historia ya kiambishi “-ta-”, na katika ugeni wa sentensi ya mwisho iliyotafsiriwa neno kwa neno. Kwa usomaji huu daktari wa wilaya na mtoto wa jikoni walisema jambo moja: Kitosch alikuwa akifa kwa majeraha yake.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza lahusu kazi yetu ya kufundisha na kutunga kamusi. Hali ya ukaribu isiachwe kuwa jambo la mazungumzo lisilostahili kuandikwa. Mwanafunzi wa kigeni na mkalimani wa kesho wanapaswa kuikuta katika sarufi na kamusi, pamoja na mifano yake.

La pili lahusu mahakama zetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, shahidi mdogo wa Bungoma au Kitale anaposema kwa lugha yake na kumbukumbu ikaandikwa kwa Kiingereza, sentensi yake ya asili haibaki mahali popote isipokuwa iandikwe kando ya tafsiri. Idara za lugha za vyuo vikuu zingeweza kuwafundisha wakalimani wa mahakama, na kuwapa mahakimu orodha ya maumbo kama haya ambayo neno kwa neno yanadanganya. Kazi hiyo haihitaji nadharia mpya. Yahitaji tu kwamba mtoto akisema “alikuwa anataka kufa”, awepo mtu wa kumuuliza ana maana gani, kabla madaktari hawajaitwa kueleza.